Siku Godoro Lilipoanikwa

Alikuwa na mswaki, lakini hakuwa na mahali pa kuuweka. Alitembea nao mfukoni mwa sketi, umefungwa kwenye kipande cha nailoni, asubuhi mpaka jioni. Viatu vyake havikuachwa mlangoni. Kikombe chake kilikaa ndani ya begi. Kwenye kamba ya nguo hakuwa na hata leso. Chumba alicholala kilikuwa na vitanda vinne na majina manne yaliyobandikwa mlangoni, na jina lake halikuwamo.

Wenzake walimwita Kivuli. Mchana ukimtafuta yupo, ukaguzi ukija hayupo.

Kivuli alilala na binti yangu kitanda kimoja, kile cha juu karibu na dirisha. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Wanafunzi wa pale wanasema ni kubebana, mwenye kitanda anambeba asiye nacho. Sheria ya hosteli inasema ni kosa, na adhabu inawapata wote wawili: anayebebwa anatolewa, na aliyembeba ananyang'anywa kitanda. Sisi katika jiji lile hatuna ndugu, hatuna jamaa, hatuna hata mtu wa kumwachia mzigo akatuwekea. Binti yangu akipoteza kile kitanda, amepoteza chuo. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na kila nitakalolisema hapa linatoka humo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mashuka, foronya na mapazia. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo mambo ya chuo nilikuwa nikiyasikia kwa watu, na watu wanasimulia mazuri tu. Mtoto wangu alipopata nafasi, nilidhani lililo gumu limekwisha, lililobaki ni yeye kusoma na mimi kuomba dua. Nikamshonea shuka la bluu. Nilikata pana, bila kupima godoro la huko, maana nyumbani kwetu kitanda hakijawahi kulala mtu mmoja. Mkono ulikata kwa mazoea.

Siku ya kumpeleka ndipo nilipoyaona. Ujia mrefu wenye giza mchana, milango huku na huku, kila mlango na redio yake. Maji yanatoka yanapotaka, na ndoo zinapangwa foleni kabla hakujapambazuka. Ndoo ukiiacha peke yake unarudi hukuti hata alama ya maji sakafuni. Choo, komeo limeng'oka, mtu anachuchumaa huku mkono mmoja umeshika mlango. Ukifua, unakaa chini ya kamba na kulinda nguo kama anayewinga ndege shambani. Nilimwangalia mwanangu, naye akanicheka. "Mama, usinitolee macho. Nitazoea." Na kweli akazoea. Hilo la kuzoea ndilo lililoniogopesha zaidi, maana mtu akizoea haambii tena kwao.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliporudi likizo ya kwanza niliwaona kwenye mikono yake, vipele vimejipanga mstari kama mshono. Nikauliza. Akasema ni mbu.

Habari za Kivuli nilianza kuzisikia kwenye simu kabla sijamwona. Nampigia mwanangu, nasikia mtu wa pili anapumua karibu mno. Nikasema, "Nani huyo?" Akasema, "Rafiki yangu." Wiki nyingine tena, rafiki yangu. Nikamwambia, "Huyo rafiki hana kwake?" Kisha akaniambia yote kwa sauti ya chini, na mimi nikakaa chini kwenye kibao changu cha kushonea.

Kivuli alikuwa mtoto wa kwanza kwao. Baba yake alikuwa mbeba magunia ghalani mpaka siku aliyoteleza na gunia, mgongo ukagoma, na tangu hapo analala chali anahesabu mabati. Mama alishafariki. Wadogo wote wanamtazama yeye. Alifaulu vizuri kuliko wengi waliopata vitanda, lakini vitanda haviangalii alama. Wanafunzi ni wengi, vitanda ni vichache, inachezwa bahati nasibu, na jina lake halikutoka. Akaenda kwa mama yake mdogo, pembeni kabisa mwa jiji, chumba na sebule, mume, watoto na mkwe mgonjwa. Alikaa kule mpaka mama mdogo akawa anaitikia shikamoo yake kwa kuguna. Mtoto mwenye akili haambiwi mara mbili. Akafunga begi.

Baada ya hapo akawa analala kwenye chumba cha kusomea, kichwa juu ya kitabu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwa bahati mbaya. Binti yangu alimkuta hivyo mara kadhaa, na kila mara kitabu ni kilekile, ukurasa ni uleule. Akamgusa bega. "Wewe, unasoma au unalala?" Kivuli akakurupuka, akasema, "Nasoma." "Basi twende ukasomee kwangu."

"Ulitaka nifanye nini, mama?" binti yangu aliniuliza kwenye simu. "Nyumbani kwetu nani aliwahi kuambiwa hakuna pa kulala?"

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Nami nilikuwa nimemlea hivyo. Nikamwambia tu, "Mwanangu, angalia." Neno la mtu asiye na msaada.

Na walikuwa wakiangalia. Wote chumbani walijua hatua za matroni, kandambili zake zilizolegea, chwapu, chwapu, ngazi baada ya ngazi. Akisikika, Kivuli ameshashuka kitandani, begi mgongoni, anateremka ngazi za nyuma kama mtu anayekwenda kipindini. Alijifunza kukohoa ndani ya mto. Alikula amesimama. Kulikuwa na kipande cha sponji chembamba, cha kulalia chini joto likizidi. Mchana kilikunjwa kikasukumwa chini ya kitanda cha chini, nyuma ya masanduku. Kivuli hakuacha alama. Mwaka ulikuwa unakwisha, mitihani imebaki karibu, nami nikaanza kupumua kidogo. Nikasema nikamwone mwanangu kabla hajaingia kwenye mitihani, nimpelekee sabuni na moyo wa kusoma.

Nilitoa taarifa jana yake. Asubuhi binti yangu akaja kunipokea getini, mlinzi akanikagua mifuko, akaniandika, tukaingia uani. Nikainua macho.

Ghorofani, kwenye vyuma vya baraza, palikuwa na godoro limeanikwa juani. Pembeni yake kipande cha sponji. Pembeni ya sponji mito miwili, na mashuka mawili ya bluu yanapepea.

Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, mwanangu anajua usafi. Kisha jicho la fundi likaona. Yale mashuka yalikuwa shuka moja. Shuka langu, limepasuliwa katikati, na kule lilikopasuliwa limepindwa kwa mkono, mshono umepanda na kushuka kama njia ya mchwa. Wakati huohuo nikasikia vidole vya mwanangu vimeukaza mkono wangu.

"Kaanika," akasema. "Mungu wangu. Kaanika vyote."

Ofisi ya matroni inatazama uani. Dirisha lilikuwa wazi.

Alikimbia akaniacha na mifuko. Nilipofika juu nahema, kila kitu kilikuwa kimeshavutwa ndani, godoro linanuka jua, na katikati ya chumba amesimama msichana mwembamba, mikono imekunjamana kwa maji, sakafu inang'aa mpaka unaona haya kukanyaga.

"Shikamoo, mama. Karibu. Kaa hapa, hapa pamekauka."

"Marahaba, mwanangu."

Alinivua viatu kabla sijasema neno jingine, akanipa maji, akachukua kanga yangu akaikunja. Wenzake wawili walikuwa wametoka. Aliyebaki ni yule wanayemwita Spika, msichana mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, amekaa kitanda cha chini anasuka nywele zake mwenyewe.

"Mama, umekuja siku nzuri," Spika akasema. "Maji yametoka. Maji ya hapa ni kama mchumba wa mbali, kazi yake kuahidi."

"Na kunguni?"

"Hao wamejiandikisha kabla yetu. Wana vitambulisho. Sisi ndio wapangaji."

Nikacheka. Kivuli naye akacheka, mkono mdomoni. Binti yangu peke yake hakucheka, alikuwa anausikiliza ujia.

"Amekuona?" akamwuliza Kivuli.

"Sijui. Nilisikia amekwenda ibadani."

"Nani kakwambia uanike nje?"

Kivuli akatazama sakafu aliyoipiga deki. "Mgeni anakuja. Ningemlaza mama wa watu kwenye kunguni?"

Mimi nilikuwa sina hata mpango wa kulala. Basi langu lilikuwa la jioni ileile. Lakini yeye alikuwa amelelewa kwamba mama wa mwenzio akija, nyumba inageuzwa, mkeka unapigwa, kitanda kinatolewa nje kikaone jua. Miezi yote ile alijua kujificha. Siku moja aliyosahau kujificha ni siku aliyotaka kunipokea kama mtu.

Chwapu, chwapu.

Kivuli alishika begi. Ngazi za nyuma zilikuwa upande uleule zilikotoka kandambili. Safari hii matroni alipandia huko.

"Hodi humu."

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani, miguu imevimba vifundo. Niliona mara moja kuwa ni mtu anayepanda ngazi zile kwa maumivu. Alinisalimia vizuri.

"Karibu, mama mwenzangu. Habari za safari?"

"Nzuri. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Naona humu mmefua."

Akapitisha macho chumba kizima.

"Mmefua haswa. Kile kitanda cha juu, pale dirishani, ni cha nani?"

"Changu," binti yangu akasema.

"Mito miwili. Mashuka mawili. Godoro na sponji. Una vichwa vingapi, mwanangu?"

Spika aliacha kusuka. Matroni akamgeukia Kivuli, akamtazama juu mpaka chini, akatazama na begi.

"Na huyu?"

Nilimwona mwanangu anafungua mdomo, nikajua anakwenda kusema kweli. Hajui kusema uongo, ni mbovu kwa uongo tangu utotoni. Lakini Kivuli alimtangulia.

"Mimi nimekuja na mama."

"Mama yupi?"

"Huyu. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nimemsindikiza kuja kumwona ndugu yangu. Sponji na mto tumekuja navyo."

Alisema bila kutikisika, kama mtu anayejibu swali alilolisoma kwa muda mrefu. Matroni hakuwa mjinga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasugua goti, akanigeukia mimi.

"Mama mwenzangu, nitakwambia jambo, na wewe utanijibu. Huyu akiwa amekuja na wewe, basi ni mgeni, na mgeni anaondoka na aliyekuja naye. Nitampeleka mwenyewe kwa mlinzi amwone sura, na humu hataingia tena. Binti yako anabaki na kitanda chake. Akiwa hakuja na wewe, basi ni mwanafunzi anayebebwa, na mimi leo hii natoa wawili. Nina mkubwa wangu, na yeye ana macho. Sasa niambie. Umekuja naye?"

"Mama," binti yangu akasema. "Mama, wiki ijayo ni mtihani. Hana pa kwenda."

"Sijakuuliza wewe," matroni akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Nilimtazama Kivuli. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo watoto wangu wamenitazama mara nyingi nikiwa na sindano mkononi na mwiba uko mguuni mwao. Toa tu, mama. Toa haraka.

"Nimekuja naye," nikasema. "Ni mtoto wa dada yangu."

"Haya. Jua lisiwazamie humu."

Binti yangu alipanda kitandani kwake, akageukia ukutani. Nilimwita, hakugeuka. Nilimshika mguu, akauvuta. Kivuli hakuwa na cha kufungasha, maana siku zote alikuwa amefungasha. Alichukua mto wake. Lile nusu shuka alilikunja vizuri, akaliweka miguuni pa binti yangu.

"Lichukue," nikamwambia.

"La kwake, mama. Halitoshi godoro likiwa nusu. Utaliunga."

Spika alitushusha ngazi amebeba sponji kichwani. Akajaribu utani wake. "Kivuli, usihofu. Jua likirudi kesho, kivuli kinarudi." Kivuli akacheka ili mwenzake asione aibu. Kufika chini Spika akaweka sponji, akakimbia juu bila kuaga.

Getini matroni alimwonyesha mlinzi yule msichana. Mlinzi alikuwa akimwona akipita kila siku ya Mungu. Alimtazama, akatazama pembeni. "Haya, mgeni, safari njema," akasema.

Stendi haikuwa mbali. Aling'ang'ania kubeba mfuko wangu. Nilitaka anung'unike, alie, anitukane hata kimoyomoyo. Yeye aliniuliza kama mgongo wangu unavumilia viti vya basi.

"Utalala wapi, mwanangu?"

"Nitakwenda kwa mama mdogo."

Alijua kwamba najua habari za mama mdogo. Niliwaza kumwambia twende wote nyumbani, lakini mtihani hauji nyumbani. Niliwaza kurudi kwa matroni nipige magoti, nikaona uso wa mwanangu, begi lake uani, na majina matatu mlangoni badala ya manne. Kila nilipogeuka palikuwa na mtoto, na mmoja ndiye niliyemzaa.

Kondakta akaita. Kivuli alinipandishia mfuko, akaupanga vizuri, akashuka, akasimama chini ya dirisha langu.

"Mama, unisamehe kwa kuanika. Nilitaka ukute pasafi."

Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi likaondoka. Alibaki pale na sponji kichwani, watu wanamkwepa kwa sababu amezuia njia.

Binti yangu hakupokea simu zangu kwa siku nyingi. Alipopokea, alinijibu kama anavyojibiwa karani. Nikamuuliza habari za Kivuli. Akasema alionekana kwenye chumba cha kusomea, kisha wakaanza kukifunga jioni. Mtihani wa kwanza alikuja. Aliandika jina lake na mistari michache, akalala juu ya karatasi mbele ya wote, msimamizi akadhani amezimia. Mtihani wa pili kiti chake kilikuwa kitupu. Simu yake haipatikani. Kwa mama mdogo hakufika. Walimtuma mtu kuulizia, mama mdogo akasema alidhani yuko hosteli.

"Na wewe unalala vizuri?" nikamuuliza mwanangu.

"Kitanda kipana sasa, mama," akasema. Akakata.

Alifaulu. Amebaki na kitanda chake mwaka wa pili. Akija likizo ananisaidia kazi, anapika, anafagia, hanipungukii adabu hata kidogo. Hanihadithii kitu. Lile shuka alilirudisha, nusu mbili, akaziweka juu ya cherehani yangu bila neno. Bado ziko kwenye kikapu. Kuziunga ni kazi ya dakika chache.

Juzi fundi mwenzangu, anayekaa meza ya jirani, amekuja na furaha yote. Binti yake naye amepata chuo, jiji lilelile. Amenunua kitambaa cha maua, kizuri, kizito.

"Wewe mwenzangu umeshapita huko," akasema. "Niambie, hosteli kukoje? Mtoto abebe nini?"

Nikamwambia. Ndoo yenye kifuniko, iandikwe jina kwa rangi. Kufuli mbili. Kandambili za bafuni. Dawa ya kunguni. Asiache nguo kambani.

"Na shuka? Nilikate futi ngapi?"

"Pima godoro," nikasema. "Kata hapohapo kwenye godoro. Usiongeze."

Akacheka. "Haa! Wewe umeanza lini uchoyo wa kitambaa? Si wewe uliyenifundisha shuka liwe pana, mtu ajifunike akunje na miguu?"

"Usiongeze," nikamwambia tena, nikainamia cherehani, nikakanyaga.